Giza, mbalamwezi na mizani: umaskini wa mwaloni unatoka wapi?

Ukitaka kuanzisha ubishi usioisha hapa Mwanza, uliza kwa nini watu wa mwaloni, pale mitumbwi ya uvuvi inaposhushia samaki, ni maskini. Ziwa lipo, samaki wapo, hela inazunguka kila siku. Wengi watakujibu papo hapo kwamba mvuvi hajui kutunza hela: usiku anavua, asubuhi analipwa, jioni yuko baa, kesho anakopa ya sabuni. Wachache, hasa waliowahi kushika nyavu wenyewe, watakujibu kwa hasira kwamba wananyonywa, bei anapanga mwingine. Ubishi huu unasikika Igombe, Kayenze, Kirumba na visiwani Ukerewe, na kila upande una mifano yake. Mimi naona kundi la kwanza limeona jambo la kweli, ila limeliita chanzo wakati ni matokeo. Kundi la pili liko karibu zaidi na ukweli, lakini nalo linasahau mambo yasiyolifurahisha.

Tuanze na dagaa, maana huko hesabu iko wazi. Dagaa huvuliwa kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za betri na sola. Taa inamvuta dagaa kwa sababu usiku ni mweusi. Mwezi ukipevuka, taa inakosa nguvu na mitumbwi mingi inapandishwa nchi kavu. Kwa hiyo mwezi wa mvuvi una vipande viwili: giza, hela inapoingia kila asubuhi, na mbalamwezi, hela inapokatika ilhali watoto wanakula kama kawaida, kodi ya chumba inadaiwa na mgonjwa hasubiri. Katika kipande hicho cha pili ndipo mtu anakwenda kwa tajiri wake, yaani mwenye mtumbwi, au kwa mwenye duka, au kwa mnunuzi, kuchukua chochote. Giza linaporudi, dagaa wa siku za kwanza wana mwenyewe tayari.

Utafiti wa bajeti ya kaya wa 2017/18 uliweka mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi kwa Tanzania Bara kwenye shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, ukakuta asilimia 26.4 ya watu wako chini yake, kutoka asilimia 28.2 mwaka 2011/12. Takwimu hizo zina kazi yake na sizidharau. Lakini wastani wa mwezi hauonyeshi mambo ya mwaloni. Kaya inaweza kuuvuka mstari huo kwa wastani na bado ikapita siku kumi kwa uji na deni. Na deni la mbalamwezi ndilo linalopanga bei ya giza.

Kwa sangara mtego ni uleule, ila umevaa suti. Wakala anayekusanya samaki kwa ajili ya kiwanda anampa mvuvi nyavu, mafuta, barafu, wakati mwingine injini. Riba haitajwi. Sharti ni moja tu: samaki wote uniletee mimi. Tufanye hesabu ya mfano, namba zangu za kubuni kabisa. Bei ya wazi ni shilingi 10,000 kwa kilo, wakala anamlipa mdeni wake 8,500. Akileta kilo 60 kwa wiki, tofauti ni 90,000, kwa wiki nne 360,000. Kama nyavu alizopewa zilikuwa za shilingi milioni 1.5, baada ya miezi minne na kidogo ameshailipa thamani yake yote kupitia tofauti ya bei, na deni lenyewe bado liko pale pale kwenye daftari, halijapungua hata senti. Hata asiponunua bia moja, mtu huyu hawezi kuweka akiba ya maana.

Halafu kuna mabondo, yaani vile vifuko vya hewa vya tumboni mwa samaki. Sangara mmoja anagawanyika njia tatu: minofu inasafirishwa Ulaya na kwingineko, mabondo yanakwenda China na Hong Kong ambako yanathaminiwa sana, na mapanki, yaani kichwa na mifupa, yanabaki kukaangwa mitaani kwetu. Kilo ya mabondo makubwa inazidi kwa mbali kilo ya minofu. Lakini mvuvi mara nyingi anauza samaki mzima kwa uzito, kwa hiyo thamani ya kile kilichomo tumboni anaisikia tu kwenye maongezi.

Hapa lazima nimpe wakala haki yake, maana maandishi mengi kuhusu umaskini yanamchora kama jini. Yeye ndiye anayekopesha pale ambapo benki haikanyagi. Injini ikiibiwa ziwani, na huibiwa, hasara ni yake. Mvuvi akiamua kuhamia mwalo mwingine usiku na nyavu zake, atamtafuta wapi? Na soko lake mwenyewe linaweza kufungwa kesho. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu ya watu waliokuwa wakivua kwa sumu, na miaka miwili kabla yake kulikuwa na vikwazo vilivyotokana na kipindupindu. Bei ya mwaloni ilianguka, na waliovua kihalali walilia pamoja na waliotia sumu. Kwa hiyo sehemu ya ile tofauti ya 1,500 ni bima ya hatari. Ninachobisha ni ukubwa wake, na ukweli kwamba mvuvi hana pa kwenda kuuliza bei nyingine. Mwenye uwezo wa kusubiri siku mbili ndiye anayepanga bei, na ziwani anayeweza kusubiri ni mwenye barafu.

Mkoa huu umewahi kupambana na jambo la namna hii, ingawa lilikuwa la pamba. Miaka ya mwanzo ya 1950 wakulima wa Usukuma walikuwa na lalamiko moja kubwa: mizani ya wanunuzi inawaibia. Paul Bomani na wenzake walianzia hapo, kwenye upimaji, wakajenga ushirika hadi kufikia shirikisho la Victoria mwaka 1955, likawa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika. Hawakuanza na semina ya kuwafundisha wakulima kuweka akiba. Walianza na jiwe la mizani.

Ila hadithi hiyo ina sehemu ya pili, na wanaotetea ushirika hupenda kuiruka. Vyama vikuu vilivunjwa na serikali mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya 1982, na viliporudi havikuwa vile. Mkulima aliyetoka kuibiwa na mnunuzi binafsi alijikuta akicheleweshewa malipo na chama chake mwenyewe, na mali za ushirika zikapotea mikononi mwa viongozi waliochaguliwa kwa kura. Mzee wa Magu au Kwimba akikunja uso ukimtajia ushirika, usimwambie hajaelimika. Anakumbuka.

Turudi kwenye tabia. Pombe ipo. Kubeti kupo, tena vijana wanashinda na mikeka simuni hata samaki hawajapakuliwa. Nyumba ya pili na ya tatu katika visiwa vya kambi ni jambo la kawaida, na hela inayogawanywa mara tatu haijengi hata moja. Zamani tungeweza kusema mvuvi hana pa kuweka hela yake, benki iko mjini. Leo kisingizio hicho kimepungua nguvu, kwa sababu simu ya kitochi inatunza hela vizuri tu. Lakini simu hiyohiyo ndiyo inayoleta mkopo wa dakika tano na mchezo wa kubahatisha, kwa hiyo sijui kama mizani imeelemea upande wa akiba. Ninachoamini ni hiki: mtu ambaye kila alichobakiza kinadaiwa na mwingine hana sababu kubwa ya kubakiza. Wape wavuvi hao hao malipo yasiyo na mdai nyuma yake kwa mwaka mmoja, ndipo tuone ni wangapi wataendelea kunywa yote. Wengine wataendelea. Wengi, nadhani, hawataendelea.

Wanawake wa dagaa ndio ushahidi wangu. Hao hawahesabiwi sana kwenye hadithi ya mvuvi mlevi, na bado ni maskini. Angalia kazi yenyewe. Alfajiri mtumbwi unaingia, mama ananunua kwa ndoo, anamwaga dagaa mchangani au juu ya wavu mkuukuu, anawatandaza kwa mkono. Jua likipanda anawageuza. Kuku, kunguru na mbuzi wote wanataka sehemu yao. Mchana akiwazoa, wanakuja na mchanga. Na wingu likitanda saa nne asubuhi, mtaji wa wiki unaanza kunuka. Dagaa wa mchanga, au wale waliooza nusu wakati wa masika, wanauzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Dagaa wale wale wakianikwa kwenye chanja, meza ya miti na wavu iliyoinuliwa ambapo upepo unapita chini, wanakauka sawasawa, hawana mchanga, na mvua ikija unavuta turubai.

Basi kwa nini kila mtu hana chanja? Wengine watasema ni uvivu wa kubadilika. Sababu ninazoziona mimi ni nyingine. Mbao na wavu vinahitaji mtaji wa mara moja, wakati mama huyu ana mtaji wa ndoo. Eneo la mwalo si lake, na sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa ziwa, kwa hiyo anayejenga leo anaweza kuvunjiwa kesho. Na kubwa zaidi, mnunuzi wa mwaloni anayepeleka magunia soko la Kirumba akimchanganyia dagaa safi na wa mchanga kwenye gunia moja kwa bei moja, chanja inamlipa nini? Mwisho mama anakopa kwa kausha damu, wakopeshaji wa riba kubwa, kununua ndoo nyingine. Rejesho ni kila wiki, kalenda ya mwezi angani haiwahusu, na mbalamwezi ikikuta rejesho la tatu, godoro na televisheni vinatoka nje. Asiye na kitu cha kutoa hupewa samaki kwa masharti ambayo hayaandikwi kwenye daftari lolote, na kila mtu mwaloni anayajua.

Serikali haijakaa tu. Operesheni za mwaka 2018 dhidi ya uvuvi haramu zilichoma nyavu zilizokatazwa, makokoro na timba, kwa wingi. Kwa upande wa ziwa nazitetea: kokoro linakokota hadi mazalia, na sangara aliye chini ya sentimeta 50 hajakua. Kwa upande wa kaya, aliyechomewa nyavu za mkopo alibaki na deni bila nyavu, na mkopeshaji hakuchomewa kitu. Mikopo ya asilimia kumi ya halmashauri, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, ilisimamishwa mwaka 2023 baada ya hela nyingi kutorejeshwa na vikundi hewa kugundulika, ikarudi mwaka uliofuata na utaratibu mpya. Mikopo isiyo na riba ya vizimba vya kufugia samaki ziwani nayo ni jambo jema. Tatizo la kizimba ni tumbo la samaki: sato analishwa kwa miezi kadhaa kabla hajauzwa, chakula ndicho gharama kubwa kuliko zote, na asiyeweza kusubiri siku mbili za barafu hataweza kusubiri miezi hiyo yote. Wanaonufaika kwa sasa wengi ni wale ambao hawakuwa maskini sana kuanzia mwanzo. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa mwaka 2025, limeondoa foleni ya kivuko kwa wanaopeleka bidhaa Sengerema na Geita. Mwenye gari amefurahi. Mwenye ndoo bado hajapanda gari.

Hoja nzito kuliko zote dhidi yangu haiko kwenye tabia wala kwa wakala. Iko kwenye ziwa lenyewe. Lina ukubwa wa kilometa za mraba zipatazo 68,800, letu likiwa asilimia 51, la Uganda 43 na la Kenya 6, na mlango wake hauna kufuli la maana. Bei ya mvuvi ikipanda, kijana aliyeshindwa na shamba la pamba au mgodi wa Geita atashuka ziwani na mtumbwi. Mitumbwi ikiongezeka, samaki wanapungua, na ile nyongeza ya bei inayeyuka. Kumkopesha kila kikundi boti na injini, kama wanasiasa wanavyopenda kwa sababu boti inapigwa picha vizuri, ni kuharakisha siku hiyo. Nimesikia watu wakisema basi tuwaache hivyo hivyo. Siwezi kukubali, lakini hoja yao inanilazimisha kuchagua: hela iende kwenye samaki aliyekwisha kuvuliwa, isiende kwenye kuvua wengine.

Kwa hiyo ningekuwa diwani wa kata ya ziwani, mkopo wa kwanza ungekuwa wa chanja, ghala na barafu, wenye rejesho linalofuata giza badala ya Jumatatu. Sehemu ya kuanikia ingepimwa na kuandikwa, nje ya zile meta 60. Kila mwalo ungekuwa na mizani moja ya pamoja na bei ya Kirumba ya jana imeandikwa kwa chaki pembeni yake. Ziwa halingeongezewa wavu hata mmoja. Ghala likimilikiwa na kikundi, kumbukumbu ya Nyanza, chama kikuu cha ushirika cha hapa Mwanza, inatuambia pa kuangalia: daftari la mizani libandikwe mlangoni kila jioni, hata kama katibu ni shemeji yako, na hasa kama ni shemeji yako.