Vibarua 38 waliogoma kurudi nyumbani

Siku ya mechi ya watani wa jadi, mtu mwenye akili zake hagusi lodi balansa, yaani programu inayogawa wateja kwenye seva. Mimi niliigusa saa 3 asubuhi, nikaenda kunywa chai.

Kazi yetu ni kupeleka matokeo kwenye simu za mashabiki papo kwa papo. Mbele ya seva zote imekaa HAProxy, ndiyo lodi balansa yetu, kwenye mashine yenye kori 4 na memori ya GB 4. Kila simu inafungua muunganisho mmoja wa websoketi na kuung'ang'ania mpaka kipenga cha mwisho. Ugomvi wote umeanzia hapo.

Seva za nyuma zilikuwa zinaongezwa na kupunguzwa kila mara, nami nimechoka kuhariri faili kwa mkono. Nikaandika skripti ya mistari 15. Kila dakika kroni, programu ya kuamsha kazi kwa ratiba, inaiamsha, inaomba orodha ya seva, inaandika haproxy.cfg mpya, na ikiona tofauti na la zamani inapiga `systemctl reload haproxy`, yaani riloudi: soma mipangilio upya bila kuzima. Nikaijaribu mara moja, ikaitika. Nikajiona fundi.

Ila orodha ile haikuwa na mpangilio. Dakika hii web3 yuko mbele ya web1, dakika ijayo wamebadilishana viti. Seva ni zile zile, lakini skripti inaona faili jipya. Kwa hiyo riloudi kila dakika, kutwa nzima, bure.

Na riloudi ya HAProxy haimfukuzi mtu. Kuna nyapara (mchakato mkuu) na kuna kibarua (mchakato unaohudumia wateja). Nyapara anasoma mipangilio upya, anaajiri kibarua mpya, anamkabidhi soketi za kusikilizia. Wa zamani anaambiwa: usipokee mteja mwingine, maliza ulio nao, kisha nenda zako. Uungwana mtupu! Kwa maombi ya kawaida ya HTTP anaondoka ndani ya sekunde chache. Kwa shabiki aliyejipanga kukaa dakika 90 na za nyongeza, kibarua anakaa naye, amekumbatia memori yake yote: mipangilio, vyeti vya TLS (usimbaji wa muunganisho), bafa.

Mashabiki walianza kumiminika saa 10 na nusu. Saa 11 na dakika 8 mkuu akapiga simu.

"Kijana, mbona matokeo yameganda?"

"Naangalia, mkuu."

Nikafungua htop, orodha ya michakato inayokimbia. Mistari ya haproxy imejipanga kama wanafunzi paredini. Nikauliza soketi ya nyapara, dirisha la kumpa amri:

`echo "show proc" | socat /run/haproxy-master.sock -`

Vibarua wa zamani 38. Kila mmoja amekalia MB 90 hivi, piga hesabu mwenyewe. Memori imekwisha, mashine inachota swopu (diski badala ya memori), mzigo umefika 31 kwenye kori 4. Wakati huo huo baa ya jirani ikalipuka: goooo! Kwenye skrini yetu, 0-0.

Hapo ndipo nikafanya lililo baya zaidi. Nikaandika `killall haproxy`.

Vibarua waliondoka wote, pamoja na nyapara. Systemd, msimamizi wa huduma za Linux, ikaajiri nyapara mwingine papo hapo, na simu 9,000 zikagonga mlango kwa sekunde moja, kama abiria wa Mbagala wanavyovamia daladala saa 12 jioni. Mchakato mpya haumkumbuki mtu: kashe ya vikao vya TLS imefutika, na funguo za tiketi za kumtambua mteja anayerudi ni mpya pia kwa kuwa sikuziweka kwenye faili kwa `tls-ticket-keys`. Kila simu ikapeana mkono upya (kukubaliana usimbaji kuanzia mwanzo), kwa cheti cha RSA cha biti 4096, ambacho kutia sahihi kwake kunaitafuna prosesa vibaya sana. App yetu ikingoja sekunde 5 inakata tamaa na kuanza upya, kwa hiyo kazi iliyofika nusu inatupwa. `show info` ikanionyesha Idle_pct: 1, yaani nafasi iliyobaki ni asilimia 1 tu.

Kilichotuokoa ni amri moja ya soketi, bila riloudi (nilishakoma):

`set rate-limit ssl-sessions global 300`

Yaani vikao vipya vya TLS visizidi 300 kwa sekunde. Milango ikaanza kupitisha watu kwa foleni. Dakika mbili, prosesa ikapumua.

Usiku nikatengeneza. Orodha inapita kwanza kwenye `sort` (kuipanga), kisha `cmp` (kulinganisha na faili la zamani), kisha `haproxy -c -f` (kukagua mipangilio) kabla ya riloudi yoyote. Cheti nikahamia ECDSA P-256, ambacho kutia sahihi kwake ni kwepesi. Seva zikaingia kwenye `server-template web 1-20`, nafasi 20 zilizotengwa mapema zikiwa disabled, na skripti inazibadilisha kwa `set server nyuma/web7 addr` na `state ready`, bila kumwajiri mtu. `hard-stop-after`, inayomwondoa kibarua wa zamani kwa nguvu muda ukiisha, nayo ni nzuri, ila ukiweka 10m jua kwamba dakika 10 baada ya riloudi unawakata wote kwa mpigo, unarudi Mbagala. App isubiri muda wa kubahatisha kabla ya kurudi, ndipo uiweke.

Nikapiga riloudi moja, ya mwisho. Saa 5 usiku, `show proc`: kibarua mmoja wa zamani bado yupo. Mechi imekwisha, mtaa umelala, huyu anamhudumia nani? Nikamuuliza mwenyewe kupitia nyapara, `@!4127 show sess`. Kikao kimoja tu, na anwani yake ni ya ofisini.

Nikageuka. Kwenye laptopu yangu, nyuma ya taminali tatu, kulikuwa na ukurasa wa matokeo niliouacha wazi tangu mapumziko.

Nikaufunga. Kibarua akaenda nyumbani.