Mwacheni Amsome Willy Gamba

Kiswahili chetu kina neno moja, kusoma, lililobebeshwa mizigo miwili. Mama akisema "mwanangu anasoma", ana maana mtoto yuko shule. Akisema "nenda kasome", ana maana daftari la Baiolojia. Na msomi kwa desturi yetu ni mwenye shahada, hata kama tangu alipovua joho hajafungua kitabu. Fundi cherehani wa mtaani kwetu alikuwa akimaliza riwaya mbili kwa wiki, cherehani ikimsubiri, na sikumbuki hata siku moja kusikia mtu akimwita msomi. Alikuwa "yule fundi anayependa hadithi", na ilisemwa kwa sauti ile ile ya "yule anayependa kulala".

Ingia maktaba ya umma wakati wa likizo uone. Vijana wamejaa mpaka viti havitoshi. Kila mmoja ana madesa yake, pasti pepa za NECTA, lile baraza letu la mitihani, kikokotoo na chupa ya maji. Rafu za vitabu ziko nyuma ya migongo yao, na hakuna anayegeuka. Wamefuata meza, taa na utulivu, maana nyumbani kuna wadogo wanaolia, redio ya jirani na kutumwa dukani kila nusu saa. Siwalaumu, nami nilifanya hivyo hivyo. Ninachouliza ni kwa nini nusu nzima ya neno kusoma, ile ya kusoma kwa raha, imeachwa vumbini na wala hatushtuki.

Nikiwa kidato cha tatu, katika mji ambao sitautaja, nilimwendea mkutubi nikamwomba riwaya ya upelelezi. Alinitazama juu ya miwani. "Upelelezi unatoka kwenye mtihani?" Nikasema hapana, shikamoo yangu ya pili ikinikwama kooni, nikarudi kwenye Kemia yangu. Willy Gamba, yule mpelelezi wa riwaya, nilikuja kumpata kwingine, kwa rafiki wa kaka yangu: Kufa na Kupona ya Elvis Musiba, toleo lisilo na jalada, lililopita mikono mingi kiasi kwamba kurasa za mwanzo zilikuwa laini kama kitambaa. Nilikisoma usiku mmoja. Kitabu hicho kilitoka mwaka 1974, kabla sijazaliwa, lakini kilinifanya nichelewe shule.

Tusijidanganye kwamba vijana hawakukutana na riwaya. Walikutana nazo darasani, na ndipo balaa lilipoanzia. Kizazi changu tulipewa Takadini ya Ben Hanson, hadithi ya Sekai, mama anayekimbia kijiji na mwanawe mwenye ualbino ili asiuawe. Kuna mama gani asiyekaa kitako kusikiliza hadithi hiyo? Lakini sisi tulifundishwa kuichambua kabla ya kuisoma. Fani na maudhui. Dhamira nne, wahusika watano, tamathali za semi, jina la kitabu kusadifu yaliyomo. Wengi wetu tulinunua kijitabu cha uchambuzi, tukakariri, tukafaulu, na hatukujua Sekai alihisi nini njiani. Mtu aliyepitia hayo ukimwambia "soma riwaya", anasikia "jadili kwa hoja tatu".

Kwa hiyo, mkutubi ukitaka kijana ageukie ile rafu, usianze na kile unachodhani kitamfaa. Anza na maiti.

Nina maana Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyochapishwa mwaka 1960. Mpelelezi Bwana Msa na kiko chake, rafiki yake Najum pembeni yake, Unguja ya zamani, na mauaji ambayo watu wanayahusisha na mizimu ilhali Bwana Msa anatafuta mkono wa binadamu. Kiswahili chake ni kitamu mpaka unasahau kuwa unafundishwa lugha. Akimaliza, mpe Kisima cha Giningi ya mwandishi huyo huyo. Anayetaka mwendo wa kasi zaidi mpe Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla, au huyo huyo Willy Gamba wangu. Baada ya hapo hutamtafuta tena, atakutafuta yeye.

Kwa vijana wa Tanga ninakotokea, nina silaha nyingine: Siku Njema ya Ken Walibora, ya mwaka 1996. Kongowea Mswahili ni mtoto wa Tanga, mama yake mwimbaji wa taarabu, na anatoka hapa kwenda Kenya kumsaka baba asiyemjua. Nimeona macho ya watoto wakigundua kuwa mji wao umo kitabuni. Mmoja aliniuliza kama mwandishi aliwahi kuishi kwetu. Nikamwambia Walibora alikuwa Mkenya. Akanyamaza kidogo, akasema, "Sasa alijuaje?" Hilo ndilo swali la fasihi, na halijatoka kwenye mtihani wowote.

Wasichana, na si wao peke yao, wasikose Vuta N'kuvute ya Adam Shafi: Yasmin anaozwa kwa mzee akiwa bado binti mdogo, na anakataa kuoza ndani ya ndoa hiyo. Kuna filamu yake ya mwaka 2021. Wasome kwanza, watazame baadaye, kisha wagombane kuhusu nini kimeachwa. Na kuna Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, yule wa Zanzibar aliyepata Nobeli mwaka 2021. Yusuf ana miaka kumi na miwili anapoondoka kwao na tajiri anayemwita ami, bila kujua kwamba amewekwa rehani kwa deni la baba yake. Ni nzito kidogo. Lakini kijana wa miaka kumi na sita anaijua habari ya kulipishwa madeni ya wakubwa.

Nasikia tayari: "Lakini humo mna mapenzi, mna bastola." Mna hivyo. Simu iliyoko mfukoni mwa kijana wako ina mapenzi na bastola za kutosha, tena bila mwandishi yeyote aliyekaa chini kufikiri nini kinafuata baada ya risasi kutoka.

Kuhusu shughuli, nitakuwa mkali kidogo. Maktaba zetu zikisema zina programu ya vijana, mara nyingi ni semina: mgeni wa heshima, maji ya chupa, hotuba ya umuhimu wa kusoma, picha ya pamoja. Vijana wanapiga makofi na kurudi kwenye pasti pepa. Hakuna aliyewahi kupenda pilau kwa kusikiliza hotuba ya umuhimu wa pilau.

Jumamosi huwa nasaidia kikundi kidogo kwenye chumba cha pembeni cha maktaba, vijana kumi na watatu hivi, wakati mwingine saba mvua ikinyesha. Tulianza na Bwana Msa. Nakala zilikuwa mbili tu, kwa hiyo tulisoma kwa sauti, kwa zamu. Tulipokaribia mwisho tukafunga sura zilizobaki kwa rababendi na kitabu kikakabidhiwa kwa mkutubi, akakitia kwenye droo na kuifunga kwa ufunguo. Sharti: kila mtu aandike muuaji ni nani na kwa ushahidi gani, kisha ndipo droo ifunguliwe. Wiki ile nilipata kesi. Wawili walijaribu kumhonga mkutubi kwa visheti. Binti mmoja wa kidato cha pili, ambaye shuleni nasikia hasemi, alileta kurasa tatu za hoja, na alipokuta amekosea alidai turudi nyuma kwa sababu, kwa maneno yake, mwandishi alikuwa amemficha jambo. Tulirudi nyuma. Tulitumia saa nzima kutafuta kama kweli alifichwa. Nikikumbuka "jadili kwa hoja tatu" nacheka peke yangu.

Jambo la pili tulilofanya halikugharimu hata mia: karatasi tupu iliyobandikwa ndani ya jalada la nyuma. Aliyemaliza anaandika sentensi moja kwa atakayefuata, bila jina. "Kurasa ishirini za kwanza zinachosha, vumilia." "Usisome usiku kama unalala peke yako." "Huyu baba ni kama wangu." Hakuna mtu mzima anayeweza kuandika mapendekezo kama hayo, na tukijaribu tutaharibu. Kijana huamini kijana mwenzake. Sisi kazi yetu ni kununua gundi.

Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa pale Dar es Salaam siku ya Uhuru, tarehe 9 Desemba 1967, miaka minne baada ya sheria iliyounda bodi ya huduma za maktaba. Siku hiyo ilichaguliwa kwa sababu. Kule Nairobi, maktaba ya McMillan ilifunguliwa mwaka 1931 kwa ajili ya Wazungu peke yao. Leo shirika la Book Bunk, lililoanzishwa na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, limekarabati matawi yake ya Kaloleni na Makadara, na watoto wa Eastlands wanaingia kama kwao. Jengo linaweza kubadilishwa maana yake. Sasa nikiona rafu nzima ya vitabu vya msaada kutoka ng'ambo, vya theluji na baseball, vinavyopangwa vizuri kwa sababu hakuna anayevigusa, na Mzimu wa Watu wa Kale haupo, naona hapo kuna mtu hajaamua jengo ni la nani.

Simu? Waingie nazo. Wapo wanaorekodi sauti zao wakisoma na kumtumia bibi kijijini. Bibi mmoja alirudisha ujumbe wa sauti akisahihisha matamshi ya mjukuu, kisha akauliza sura inayofuata lini.

Jumamosi hii zamu ni ya Siku Njema. Nakala moja ni ya maktaba, nyingine ni yangu na imeng'oka kurasa za mwisho, kwa hiyo safari hii hatuhitaji rababendi. Yule binti wa kidato cha pili ameshaomba akae karibu na ile ya maktaba.