Bibi Aitwaye Baba

Kwa Kiukraine, "baba" ni bibi. Kwa hiyo ukiingia nyumba ya Waukraine wa Alberta, Kanada, ukaambiwa mkate umeokwa na baba, usitazame huku na huku kumtafuta mwanamume. Neno hili lilinichekesha siku nzima, halafu likanifanya nimfuatilie bibi mwenyewe.

Mchukue msichana yeyote wa kizazi cha kwanza. Tuseme kazaliwa 1899 katika kijiji cha Galicia, magharibi mwa Ukraine ya leo, enzi hizo chini ya Austria-Hungaria, akafika Kanada 1905. Njia ilikuwa imeshafunguliwa mwaka 1891 na wanaume wawili wa kijiji cha Nebyliv, Ivan Pylypiw na Wasyl Eleniak, waliokwenda kuchungulia. Hadi 1914 watu wapatao 170,000 walikuwa wamewafuata. Kilichowavuta ni ardhi: ekari 160 kwa ada ya dola 10, ilimradi ukae, ulime na ujenge.

Familia nyingi zilianzia kwenye burdei, shimo lililochimbwa ardhini na kuezekwa kwa miti na nyasi zilizokatwa pamoja na udongo wake. Kisha baba, namaanisha baba wetu huyu wa Kiswahili, aliondoka kutafuta kibarua kwenye reli au migodini. Waliobaki kufyeka na kung'oa visiki ni mama na watoto. Nyumba yenyewe ilipojengwa, wao ndio waliokandika. Na ni kukandika kwelikweli: udongo, makapi ya ngano na samadi ya ng'ombe vinakanyagwa kwa miguu mitupu hadi vishikane, kisha vinapakwa ukutani kwa viganja, kona kwa kona. Aliyewahi kukandika nyumba kijijini anajua mgongo unavyosema jioni yake. Hawa tena walikuwa wakikimbizana na majira, ukuta ukauke kabla theluji haijaanguka.

Clifford Sifton, waziri aliyewafungulia mlango watu hawa, alieleza mwaka 1922 ni mhamiaji gani aliyemwona bora: mkulima shupavu mwenye koti la ngozi ya kondoo, mzaliwa wa shambani, ambaye wazee wake wamelima kwa vizazi 10, mwenye mke wa miraba minne na watoto nusu dazeni. Angalieni mke alipowekwa. Koti limemtangulia.

Sheria nayo ilimweka hapohapo. Mwanamke aliyeolewa hakuweza kujiandikishia zile ekari 160. Ilimbidi kwanza awe mjane au kwa namna nyingine awe kichwa cha familia. Hati ilibeba jina la mume. Ndiyo maana sifa tunazowamwagia wanawake wa namna hii wakifa wazee sana, "mama mchapakazi, hakujua kuchoka", mimi zinanikera. Alichoka. Hakuna aliyekuwa akiandika.

Mtasema hayo ni ya kale. Haya, mwaka 1973 Mahakama ya Juu Kabisa ya Kanada iliamua kesi ya Irene Murdoch, mke wa mfugaji wa Alberta. Huyu hakuwa Mukraine, lakini kazi alizozitaja msichana wetu angezitambua zote: kukata majani ya mifugo, kuendesha trekta na lori, kukata ng'ombe pembe, kuwachanja, kuwapiga chapa. Mume alikuwa akisafiri miezi kadhaa kila mwaka na mke ndiye aliyebaki na mifugo. Ndoa ilipovunjika alidai sehemu ya mali, akashindwa. Hoja iliyombwaga ni kwamba alichofanya ni kazi ya kawaida ya mke yeyote wa mfugaji. Yaani kwa kuwa wote wanafanya, haina thamani!

Kelele zilizofuata ndizo zilizobadilisha sheria. Ya Alberta, inayotambua jasho la mke katika kugawana mali za ndoa, ilianza kutumika Januari 1979. Msichana wetu wa 1899, kama alikuwa angali hai siku hiyo, alikuwa na miaka 79, na shamba lilikuwa limeshaandikwa jina la mtoto wa kiume.