Kama mnakataa waranti, niandikieni

Gari nimeichukua mpya yadi barabara ya Nyerere, waranti miaka 3 au kilomita 100,000, haijafika hata elfu 22 giaboksi ikaanza kugonga. Ukiwa kwenye foleni ya Buguruni ukiweka D inashtuka kwanza kama imepigwa teke alafu ndo inaondoka.

Nikawapelekea. Kijana wa sevisi kafungua kitabu, kaona muhuri mmoja wa gereji ya Sinza, hapo hapo akakifunga, "dada, waranti imekufa, ulimwaga oili nje." Kweli nilibadilisha oili nje, sio kwao, maana wao walinipa nafasi baada ya wiki 3 na kilomita za sevisi zilishafika, ila ilikuwa oili ya injini jamani! Giaboksi ina oili yake na nati yake ya kumwagia. Nikamwomba fundi wao anyanyue gari, tukaingia chini wote na tochi ya simu, ile nati bado ina kimstari cha rangi ya njano cha kiwandani, hakijakatika popote, yaani hamna spana iliyowahi kugusa pale. Fundi akaniangalia, akanyamaza. Nilimuonea huruma kwa kweli.

Nikamwambia yule kijana sawa, niandikie kwamba mmekataa na kwa nini. Hapo ndo maneno yakabadilika, mara meneja katoka, mara huwa hatutoi barua. Hiki ndo kinaniuma kuliko hata giaboksi yenyewe, kwa sababu kumkatalia mtu kwa mdomo ni rahisi mno, kesho wanakuruka. Ila kwenye karatasi ingebidi waeleze oili ya injini imeuaje giaboksi, na hakuna fundi wa kusaini hiyo.

Na haki zetu haziishii kwenye kile kitabu, Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka muuzaji akupe kitu kinachofaa kwa matumizi yake, na FCC, yaani Tume ya Ushindani, wapo hapa hapa Dar kwa ajili ya kumlinda mlaji. Sasa utaenda kwao na nini kama yote uliambiwa kwa mdomo?

Nikaandika barua mwenyewe nakala mbili, sikutoka mapokezi mpaka nakala yangu imegongwa muhuri na tarehe. Kesho yake meneja kapiga mwenyewe, nilete gari "tuiangalie tena". Napeleka Alhamisi, na funguo siachii mpaka waandike kwenye karatasi ya kupokelea gari kwamba giaboksi inagonga, neno hilo hilo.