Bando la msomaji si la kuchezea

Juzi nilikuwa Tanga kwa mama yangu mdogo. Anauza mikate ya kumimina, akataka nimtafutie vipimo vingine vya tui na mchele, nikamfungulia blogu moja ya mapishi ya Kiswahili kwenye simu yake. Tukasubiri. Zikaja picha tatu kubwa zinazopokezana juu ya ukurasa, hakuna hata moja ya mkate. Kikajifungua kidirisha kinachomwomba barua pepe, naye hana. Alipofika kwenye hamira, tangazo likaingia katikati, maandishi yakashuka ghafla, kidole kikagusa tangazo la kubeti na ukurasa mwingine ukaanza kufunguka. “Mwanangu, funga hii, inanila bando.” Bando lenyewe ni la shilingi 500, na alitegemea limfikishe usiku.

Niliporudi nikaupima ule ukurasa. Zaidi ya MB 7. Maelezo ya mapishi, ukiyatoa peke yake, hayafiki hata KB 5. Zinazobaki zote ni matangazo na themu, yaani sura ya tovuti iliyotengenezwa tayari: aina kadhaa za herufi zinazopakuliwa kutoka nje, mamia ya vialama visivyotumika, plagini (kiprogramu cha nyongeza) ya kupangia kurasa, nyingine ya kuzungusha picha. Na mapambo hayo mwenye blogu ameyanunua kwa pesa yake.

Hapa ndipo panaponiuma. Themu ya kibiashara anauziwa mwenye blogu, hauziwi msomaji. Mnunuzi anaitazama demo, onyesho la mfano la themu, kwenye kompyuta, ofisini, kwenye waifai nzuri, na kila kitu kinateleza. Mtengenezaji anajua hivyo, kwa hiyo anashindana kwa wingi wa mapambo: demo nyingi zaidi, mitindo mingi zaidi, themu moja ya hoteli, kanisa, gazeti na mapishi kwa pamoja. Anayelipia uzito wa vitu hivyo, kila siku, ukurasa kwa ukurasa, ni mama wa Tanga, mwanafunzi wa Kasulu, bodaboda anayesoma akisubiri abiria. Hao hakuna aliyewauliza. Ukiamua kuishi kwa macho yao, uzito wa ukurasa ni jambo la haki kabla halijawa la ufundi.

Na kwa pesa pia ni hasara. AdSense, huduma ya Google ya kuweka matangazo kwenye tovuti, inakupa takriban asilimia 68 ya kile tangazo lililonunuliwa kupitia Google Ads lilichoingiza, lakini tangazo ambalo halijafunguka halijaingiza kitu. Msomaji akikata tamaa kabla ukurasa haujatulia, asilimia 68 ya sifuri ni sifuri. Malipo hayatoki mpaka ufikishe dola 100, na kabla ya hapo, ukifika dola 10, unasubiri barua yenye namba ya siri ije kwa posta. Nimewaona vijana wazuri, waandishi kweli, wakikata tamaa katikati ya safari hiyo huku wakiamini dawa ni kununua themu nyingine. Google wenyewe tangu 2010 wanaingiza kasi ya ukurasa katika kupanga matokeo, na kipimo chao walichoanza kukitumia 2021 kinataka kitu kikuu kionekane ndani ya sekunde 2.5.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba themu ya kununua inaokoa muda, na aliyeitengeneza anastahili kulipwa. Ila soma leseni: ya kawaida kule ThemeForest, soko la themu la mtandaoni, ni ya tovuti moja, na msaada ni wa miezi 6. Wale wanaouza themu za kulipia zilizovunjwa kufuli kwenye magrupu ya WhatsApp waacheni kabisa, virusi vya WP-VCD vilisambaa kwa mlango huohuo.

Issa Michuzi, mpiga picha za habari, alianza blogu yake 2005 kwenye Blogspot, huduma ya bure, na Watanzania wa ndani na wa ughaibuni waliifungua kila asubuhi kwa sababu ilikuwa na habari na picha walizozitaka. Leo WordPress, programu ya kuendeshea blogu, inakuja na themu zake za bure, nyepesi, zinazosomeka vizuri kwenye simu ndogo. GeneratePress, themu nyingine nyepesi ya WordPress, nayo ina toleo la bure. Anza na hizo. Punguza picha kabla ya kuzipandisha. Kile kidirisha cha barua pepe kifute leo.

Halafu toka nje, utafute matangazo kwa miguu. Muuza unga na hamira wa pale mjini hajui AdSense ni nini, lakini anajua waokaji wanasoma nini, na wewe unao waokaji. Picha moja isiyochezacheza, ya KB 40, ina jina la duka, mtaa na namba ya simu, inalipiwa kila mwezi kwa M-Pesa. Ukipata maduka matatu ya namna hiyo, gharama ya kuhifadhi tovuti inalipika, na hakuna msomaji atakayerushwa kwenye kubeti akiwa anatafuta kipimo cha hamira.