Laini Si Nyepesi: Triga ya Rivolva ya Magnum na Bei Yake

Neno letu "laini" lina uvivu fulani. Hariri ni laini, godoro ni laini, mtu asiyeweza kumnyima ombaomba naye ana moyo laini. Yote tumeyatia kapu moja. Ndiyo maana mtu akisema anatafuta rivolva ya magnum, yaani bastola ya silinda inayozunguka inayopiga risasi kali, yenye mtutu wa kati na triga (kile kifyatulio cha kidole) laini, muuzaji anayeijua kazi yake humrudishia swali: inayoteleza, au nyepesi? Wengine hata humaanisha kitu cha tatu, yaani ule uso wa triga usiokuwa na mistari, ambao hauchubui kidole baada ya risasi hamsini. Hilo la tatu ni dogo, linamalizwa kwa msasa. Haya mawili ya kwanza ndiyo yanayogawanya watu, na yanagawanya pia bei.

Nazungumzia Marekani, maana ndiko silaha hizi zilikozaliwa na ndiko raia anakoweza kuingia dukani, akajaza fomu, rekodi yake ikakaguliwa, kisha akasimama mbele ya kabati la vioo akichagua. Risasi yenyewe, .357 Magnum, ilitolewa mwaka 1935 na Smith & Wesson wakishirikiana na Winchester. Walichukua ganda la .38 Special, risasi pole iliyotangulia, wakalirefusha kwa milimita tatu na kitu. Urefu ule haukuwa kwa ajili ya baruti tu. Ulikuwa kizuizi, ili mtu asiisokomeze risasi mpya kwenye rivolva ya babu yake, kwa sababu shinikizo lake ni karibu maradufu. Kinyume chake kinaruhusiwa: rivolva ya .357 inapokea .38 Special bila kinyongo. Basi wengi hujifunzia kwa risasi pole ya bei nafuu na kuiweka ile kali kwa siku ya haja.

Mazoea hayo yana kasoro yake. Aprili 1970, huko Newhall, California, askari wanne wa doria ya barabara kuu waliuawa katika tukio moja. Miongoni mwa maswali yaliyoulizwa baadaye ni kwamba mafunzo yalifanywa kwa risasi za .38 huku baadhi yao wakibeba magnum kazini. Teke la magnum, mwako wake na kelele yake havifanani na ulivyozoea uwanjani. Nalitaja hili mapema kwa sababu wanunuzi wengi huijaribu triga kwa silaha tupu, wakaisifu, kumbe siku ya magnum halisi kidole kinafanya kazi mkononi mwa mtu aliyeshtuka.

Kuhusu mtutu sina mengi. Inchi 2.5 hufichika vizuri lakini baruti nyingi huishia kuwa moto hewani. Inchi 6 inatulia kwenye shabaha, ila kiunoni ni mzigo, na mbele inavuta chini. Inchi 4 hukupa umbali wa kutosha kati ya alama mbili za kulengea, na risasi yenye kichwa cha greini 125, yaani gramu 8 hivi, hutoka kwa kasi ya takriban mita 440 kwa sekunde kwa mujibu wa majedwali ya viwanda. Ukiona rivolva kama Ruger GP100 ina inchi 4.2 na Colt Python ina 4.25, usidhani ni madoido. Kanada ilipiga marufuku bastola zenye mtutu wa milimita 105 au pungufu, na inchi 4 kamili ni milimita 101.6. Vile vipande vidogo vya inchi vilikuwa pasipoti ya kuvuka mpaka. Tangu Oktoba 2022 Kanada imezuia karibu mauzo yote ya bastola kwa raia, lakini mitutu imebaki na vipimo vyake, kama nyumba iliyojengwa kukwepa mti ambao siku hizi haupo.

Sasa triga. Rivolva ya aina hii ina mivuto miwili. Ukiikoki nyundo, yaani ukiivuta nyuma kwa dole gumba mpaka ishike, unabaki na mvuto mfupi wa kilo moja na nusu hivi. Usipoikoki, kidole kimoja kinafanya kazi tatu kwa safari moja: kinainua nyundo, kinazungusha silinda, kisha kinaiachia nyundo ipige fataki, kile kiwashio kilicho kwenye kitako cha risasi. Mvuto huo mrefu kwa silaha mpya huwa kilo nne na nusu hadi tano na nusu. Ule mfupi ni mtamu na humfanya kila mtu ajione mlenga shabaha, ila ukiwa na hofu ni hatari kwa wepesi wake. Polisi wa New York na wa Los Angeles, kwa nyakati tofauti, walitaka rivolva zisizoweza kukokiwa kabisa. Kwa hiyo anayesifu triga kwa sababu ya mvuto mfupi bado hajasema kitu. Swali ni ule mrefu.

Wanaosema ulaini ununuliwe dukani wana shahidi mmoja mzito, Colt Python. Ilitoka mwaka 1955, na kwa miongo mingi mafundi waliiketisha vipande vyake kwa mkono, wakipiga tupa na kung'arisha mpaka chuma kikasahau kwamba ni chuma. Silinda ilikazwa kabisa wakati nyundo inaanguka, na wapenzi wake waliifananisha na mlango wa benki. Uzuri huo ulikuwa na gharama mbili. Ya kwanza, mvuto wake ulizidi kuwa mzito kadiri kidole kilivyokaribia mwisho. Wengine walilipenda hilo kwa sababu walijua hasa nyundo iko wapi, wengine lilivuruga shabaha yao dakika ya mwisho. Ya pili, kile kidude kilichosukuma silinda kilibanwa kila mara risasi ilipolia, kikachakaa, na silaha ikahitaji fundi anayeijua, na fundi wa aina hiyo leo hapatikani kila mtaa. Uzalishaji ulikoma mwaka 2005. Iliporudi mwaka 2020 ilikuwa na mashine za kompyuta badala ya tupa, vipande vichache zaidi ndani, na bei ya orodha ya dola 1,499. Ile tabia ya kukaza mwishoni imepungua sana. Waumini wa Python ya kale husema roho imetoka. Mimi nadhani kilichotoka ni ugomvi wa kumtafuta fundi, na sioni cha kulilia.

Upande wa pili una Ruger GP100, iliyoingia katikati ya miaka ya 1980. Hii haikujengwa kubembeleza. Haina kifuniko cha ubavuni, fremu yake ni kipande kizima, na kikundi chote cha triga hutoka kwa chini kama droo. Springi zake ni za waya uliojiviringisha, ngumu, na kiwandani huzipenda nzito. Ukiivuta ikiwa mpya unasikia mikwaruzo midogo, kama mchanga kwenye bawaba ya mlango. Bei yake kwa kawaida ni pungufu ya Python kwa mamia ya dola, na hoja ya wafuasi wake ni kwamba mamia hayo yanunue risasi. Vuta triga mara elfu mbili ukiwa na risasi bandia ndani, chuma kitajing'arisha chenyewe. Kuna ukweli hapo. Msuguano unaosababishwa na alama za mashine hupungua kwa matumizi, na kidole nacho hujengeka, jambo ambalo hakuna fundi anayekuuzia.

Lakini wafuasi hao hao hupotelea hatua inayofuata. Uvumilivu ukiisha wananunua springi nyepesi. Na hapa ndipo "laini" inapotuponza, maana springi nyepesi hailainishi chochote, inapunguza uzito tu, na mikwaruzo inabaki palepale. Nyundo iliyolegezwa hupiga fataki kwa uvivu. Wenye triga nyepesi sana hulazimika kutumia risasi zenye fataki za Federal, zinazojulikana kwa kuwaka kwa urahisi, na rivolva inayochagua chakula imepoteza sababu yake ya kuwepo. Tena kuna springi ya kurudisha triga mbele, ambayo wengi huisahau. Ukiilegeza, triga hurudi kwa kusuasua, mpigaji wa haraka anaivuta tena kabla haijafika, na silinda haisogei inavyotakiwa. Jerry Miculek, mpiga rivolva bingwa wa Marekani aliyepiga risasi nane kwa sekunde moja mwaka 1999, asingeweza kufanya hivyo kama triga ingebaki nyuma ya kidole chake.

Katikati yao wako Smith & Wesson, na hapa sitajifanya sina upande. Mvuto wao mrefu ni sawa tangu mwanzo hadi mwisho, haukazi njiani, na hata ukiwa mzito unatabirika. Fremu yao ya wastani, kwenye Combat Magnum ya mwaka 1955 iliyopendekezwa na Bill Jordan wa doria ya mpakani, ilikaa vizuri kiunoni lakini ililipia wepesi huo. Mdomo wa nyuma wa mtutu ulichongwa bapa upande wa chini ili silinda ipate nafasi, na risasi kali za greini 125, zikipigwa kwa wingi, ziliupasua pale pale palipochongwa. Jibu lilikuja mwanzoni mwa miaka ya 1980 na fremu kubwa kidogo, modeli 586 na 686. Uzito ulipanda hadi kilo moja na kitu, na teke likapungua. Wenye kinyongo hulalamikia tundu la kufuli lililo juu ya kitasa cha silinda, na vipande vya ndani vinavyofinyangwa kwa unga wa chuma badala ya kuchongwa. La tundu ni la macho zaidi. La vipande lina uzito kwa anayetaka kupiga tupa, kwa sababu ugumu wao uko juu juu tu, na ukisugua sana unaumaliza.

Smith nayo ina kishawishi chake: skrubu ndogo mbele ya mpini inayobana springi ya nyundo. Ukiilegeza nusu mzunguko triga inakuwa tamu ghafla, bila fundi wala gharama. Ndiyo njia fupi kuliko zote ya kupata rivolva inayosema "tik" badala ya kulia.

Wafaransa walilitazama tatizo hili kwa jicho jingine. Manurhin MR73, ya mwaka 1973, ambayo GIGN, kikosi maalumu cha jandamari wa Ufaransa, kiliibeba, iliwekewa vigurudumu mahali ambapo Smith huacha chuma kisuguane na chuma. Uzito ulibaki wa kutosha kuwasha fataki yoyote, kilichoondolewa ni msuguano. Hiyo ndiyo "laini" ninayoitetea. Bahati mbaya bei yake ni ya kumfanya mtu aitazame kwenye picha tu.

Kwa mtu atakayepiga mara kwa mara, ningesema 686 ya inchi 4, skrubu yake ikiwa imekazwa mpaka mwisho. Kwa atakayeibeba porini, kwenye mvua na vumbi, GP100 yenye springi zake za kiwandani, na mikwaruzo yake tuvumiliane nayo. Python mpya naikubali kwa mwenye fedha ambaye hataipunguzia risasi kwa sababu ya bei yake.

Kwa yoyote kati ya hizo, omba ruhusa dukani, hakikisha ni tupu, wewe na muuzaji mkiona, kisha ikoki nyundo polepole sana kwa dole gumba huku kidole kimoja kikiegemea silinda kwa mbali. Rudia kwa vyumba vyote sita, au saba kama ni 686 Plus. Kila mara silinda iwe imeshajifunga kabla nyundo haijafika mwisho. Chumba kimoja kikichelewa, irudishe kabatini, hata kama triga yake inateleza kama imepakwa mafuta ya nazi.