Kazi ya kunyoosha nywele huanzia kwenye beseni

Hapa Bukavu, dada akinyoosha nywele nyumbani zikatoka ngumu, zimevimba mizizini na ncha zimesimama, lawama ya kwanza huangukia pasi. Anaanza kutafuta nyingine inayofika digrii 230. Naona huko ni kupoteza pesa na nywele pia. Pasi ya kawaida yenye plake (vibao viwili vinavyobana nywele) za keramiki na kitufe cha kupandisha na kushusha joto inatosha kabisa. Kinachoharibu kazi, mara nyingi, kimetokea kabla pasi haijachomekwa.

Kwanza, mafuta ya zamani yatoke yote. Vaselini au siagi ya karite ikibaki kichwani inatoa moshi ikiguswa na plake, na nywele zinashikana kamba kamba. Piga shampuu mara mbili. Povu la mara ya pili lisipokuwa jingi, ujue mafuta bado yamo. Suuza kwa maji mengi, paka demelan (krimu ya kulainisha nywele zichanike), iache dakika 5, halafu chana kwa chanuo la meno mapana ukianzia kwenye ncha na kupanda polepole hadi mizizini.

Sasa kukausha, na hapa ndipo ulaini unapopatikana. Maji hulegeza vifungo vidogo vilivyomo ndani ya unywele, na vikikauka vinajifunga upya katika umbo vilivyokutwa nalo. Nywele zilizokauka zimejikunja zitaiandama pasi kwa ubishi. Zilizokauka zimevutwa ziko nusu ya safari. Gawa kichwa mafungu 8 hadi 10, shika fungu moja, livute kwa brashi huku seshwari (mashine ya kukaushia nywele) ikifuata nyuma, mdomo wake ukielekea kwenye ncha. Huna seshwari? Funga nywele kwa uzi, kama mama zetu walivyotufunga tukiwa wadogo, ulale nazo. Asubuhi ukifungua zimenyooka bila joto lolote. Mimi naipenda njia hii kuliko seshwari, hasa kwa wenye nywele zinazokatika haraka.

Zikauke kabisa, hadi ndani ya mizizi ya kisogoni ambako unyevu hujificha. Maji yaliyobaki ndani ya unywele yakikutana na plake yanageuka mvuke ghafla, mvuke unatafuta pa kutokea, unaacha vijishimo, na hapo ndipo unywele utakapokatikia. Ukisikia “tsss” na kuona mvuke unapanda, weka pasi chini, rudi kukausha.

Kinga ya joto ipakwe kidogo, kila fungu kivyake. Soma chupa: ikiwa na dimethicone, aina ya silikoni, ni nzuri. Glycerin ikitajwa miongoni mwa vitu vya kwanza, usiitumie msimu wa mvua, kwa sababu inavuta unyevu wa hewani.

Nywele nyepesi au zilizotiwa rangi zinataka digrii 150 hadi 170; nzito zenye afya, 180 hadi 200. Jaribu kwanza kwenye kishungi kimoja cha kisogoni. Fungu lisizidi unene wa sentimita 1, na upana wake usipite plake. Tanguliza chanuo la meno membamba, pasi ilifuate kwa mwendo mmoja usiosimama. Ukisimama katikati unaacha alama ya mkunjo. Pitisha mara moja, ikishindikana mbili. Ukijiona unapitisha ya tatu, fungu ni nene, au nywele ni mbichi, au umeme umeshuka. Hilo la umeme tunalisahau sana. Volti zikishuka kutoka 220 hadi 160, nguvu ya waya wa kupasha joto inabaki karibu nusu tu. Pasi inapoa kila ikigusa nywele, nawe unarudia pale pale hadi unaunguza. Jioni taa zikififia, ahirisha hadi saa umeme una nguvu.

Aliyepaka defriza, ile dawa ya kemikali ya kunyoosha nywele, tayari amevunja vifungo vile vigumu ambavyo maji hayavigusi. Kwangu, asubiri angalau wiki mbili kabla ya pasi, na abaki kwenye digrii 150.

Ukimaliza, acha nywele zipoe kabla ya kuzishika. Matone 2 au 3 ya mafuta kwenye ncha, kitambaa cha satini usiku, basi. Kuanzia Septemba hadi Mei mvua yetu itarudisha mikunjo mizizini mapema, na hakuna mafuta yanayoizuia kabisa. Huko Lubumbashi mwezi wa sita na wa saba, hewa ikiwa kavu, zinadumu zaidi. Mizizi ikivimba, suka mabutu makubwa au zifunge nyuma, usichomeke pasi kila asubuhi. Na ncha zilizopasuka pasi haiwezi kuziziba: kata sentimita 1 au 2 nywele zikiwa zimenyooka, maana hapo ndipo zinapoonekana vizuri.